Kioo cha Kumi na Saba

Usiniambie mtaa ni kitambaa.
Nimefuma miaka ishirini na mitatu
katika kiwanda kile chenye bomba refu la moshi,
hapa Łódź. Najua mtande, najua mshindio,
na najua uzi ukikatika saa nane za usiku
haji mtu kuuunga ila mwenye zamu.

Kiwanda kilifungwa siku ya Jumanne.
Kila mmoja akapewa shuka mbili na barua.
Toka hapo mtaa ukaanza kukonda:
kwanza duka la vifungo, kisha daktari wa meno,
kisha taa za barabarani, moja moja,
zikang'oka kama meno
na daktari keshaondoka.

Ikabaki kantini yetu ya zamani,
madirisha kumi na saba, kioo hata kimoja,
njiwa ndani, na sufuria lenye kutu
ambalo ungeweza kumwogeshea ndama.

Bożena ndiye aliyekwenda manispaa kuomba ufunguo.
Alikwenda mara tisa. Mara ya kumi
alibeba kiti chake mwenyewe,
akaketi mlangoni mwa afisa, akafuma soksi.
Soksi ya pili haikufika kisigino.

Hatukuanza na hotuba. Tulianza na choo.
Choo kinachovuta maji, mlango unafungika.
Cheka, lakini wewe hujaishi ghorofa ya nne,
familia sita, choo kimoja, nacho kiko uani,
na barafu imelikaba bomba tangu Januari.

Kisha tukawasha jiko la makaa.
Joto halibandikiwi tangazo.
Wakaja wenye viatu vilivyolowa,
akaja Zenon na kikohozi chake na sataranji yake,
akaja Oksana kutoka Ukraine, mtoto mgongoni,
na bahasha ya hati asizojua zinataka nini.

Akaja na Radek, miaka kumi na minne,
ila yeye alitanguliza jiwe.
Kioo cha mwisho tulikitia Alhamisi.
Ijumaa kilikuwa sakafuni.

Kusema kweli, mimi nilishainua simu niite polisi.
Bożena akampa futikamba. "Pima," akamwambia.
"Ukikosea nusu sentimita, unapima tena."
Alipima mara tatu, akitukana chini kwa chini.
Akakata kioo, akapaka puti kwa dole gumba,
akanywa supu ya kabichi bila kumtazama mtu,
na kesho yake akarudi
kuona kama puti imekauka.

Sasa nikwambie na hili,
maana wale wa utepe na mkasi hawalisemi.
Taa zilirudi. Mwoka mikate alirudi.
Na kodi nayo ikarudi, imenenepa.
Mwenye jengo namba kumi na moja
aliyaona madirisha yetu yakimeremeta, akapiga hesabu.
Zenon akahamia kwa binti yake, ng'ambo ya reli,
mchezo ukiwa umefika katikati.
Farasi wake mweusi yuko palepale alipomwacha.
Tumekataza mtu kumgusa.

Moto tuliouwasha tuote
ukamuunguza mwenzetu.
Nimelala na neno hilo siku nyingi
na sijapata pa kuliweka.

Basi Jumatano jioni hatuchezi karata tena.
Tunaandika barua. Oksana anatusomea sheria ya pango
kwa lugha aliyojifunzia kwenye meza hii hii,
akikwama tunamsaidia neno, tukikwama anatusaidia maana.
Barua nne zimejibiwa. Saba bado.
Bożena ameanza kuulizia
kiti chake kimewekwa wapi.

Ukilisogelea dirisha la kumi na saba,
pembe ya chini, upande wa barabara,
utaona katika puti alama ya dole gumba,
jembamba, la mtoto.
Radek sasa ana ndevu, na alama hiyo inamtia haya.
Juzi kaja na kisu, anataka kuikwangua apake upya.

Nimemwambia, thubutu.